Siku Tulipoifukuza Mvua ya Mawe kwa Gari la Shemeji

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nasema hivyo mapema ili anayesoma ajue anasoma habari za mtu wa aina gani. Niliingia Durban na begi moja na nyundo mbili, elimu yangu darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Leo pale Jacobs nina gereji ya bodi yenye kompresa mbili na mafundi watano, na watu wenye digrii ukutani wananipigia simu wananiita sir. Nimenyoosha magari yaliyogongwa na lori, yaliyogongwa na ng'ombe, na moja lililoangukiwa na friji kutoka ghorofa ya tatu kule Overport. Mwenye friji alikuja kuniuliza kama naweza kuinyoosha na hiyo friji. Nikainyoosha.

Sasa kila Jumapili baada ya ibada mnanizunguka: "Baba Neema, ilikuwaje Free State? Tunasikia mlifukuza mvua." Nikianza kusimulia, Dezire ananikatiza. Dezire akisimulia, namkatiza mimi. Nimeona niandike mara moja, nyote msome, mambo yaishe.

Jacobs: kitu nilichokibuni kwa kichwa changu

Kule juu, kwenye tambarare za Free State, miezi ya joto wingu likipanda mchana linaweza kushusha mawe ya barafu makubwa kama mayai. Gari likinaswa nje, linatoka limebonyea boneti, paa, buti, kila mahali, utafikiri limepigwa na watu mia wenye hasira. Mengine yanaletwa mpaka kwangu. Nimeyanyoosha miaka mingi, na siku moja nikiwa nimelala chini ya boneti nikajiuliza: kwa nini gari lisivae nguo?

Hivyo tu. Hakuna mtu alinifundisha.

Mke wangu, Mama Neema, ana cherehani mbili Isipingo, karibu na stesheni ya taxi, anashona sare za shule. Nikamchorea kwa chaki sakafuni: turubai nje, sponji katikati, kitambaa laini ndani. Vipande vitatu, cha boneti, cha paa na cha buti, na kingine cha kioo cha mbele ambacho unakikunja juu ya paa, ukiona mawe yanakuja unakishusha. Akashona wiki mbili, kazi safi. Tuligombana kitu kimoja tu, vifungo.

"Nitaweka kamba za kitambaa," alisema.

"Kamba ni za aproni. Hiki ni kitu cha gari. Weka vifungo vya chuma."

"Chuma kitagusa rangi, Baba Neema."

"Nani fundi wa rangi hapa, mimi au wewe?"

Akaweka vifungo vya chuma. Ishirini na nne, vinang'aa. Hakusema neno jingine, na nyinyi mnaomjua Mama Neema mnajua kwamba hapo ndipo mtu anatakiwa kuogopa.

Mteja nilikuwa naye tayari. Kuna mzee mmoja Bethlehem, ana yadi ya magari ya kuuza, yote yanalala nje. Jina lake linanivunja taya, kwa hiyo namwita Oom tu, yaani mjomba kwa Kiafrikana, na yeye anapenda. Aliniambia: nionyeshe video, mvua ya mawe ya kweli, gari limevaa nguo yako, halafu unalivua na halijabonyea. Ukileta hiyo, nachukua arobaini. Lakini iko kampuni ya Johannesburg wanauza kitu kama chako, na Jumatatu nasaini nao.

Arobaini! Nilishaanza kuangalia cherehani ya tatu. Simu hiyo ilikuja Alhamisi, kwa hiyo siku ilikuwa Jumamosi au basi tena.

Shida ilikuwa gari. Baki yangu, pikapu ya kazi, imebonyea tangu kiwandani, nafikiri. Ukiipiga na mawe, nani ataona tofauti? Nilihitaji gari laini kama yai. Na gari la namna hiyo lilikuwa moja tu katika ukoo mzima.

Dezire ni mdogo wake mke wangu, mtu wa Uvira kule Kongo, mwembamba, mwangalifu, anavaa mkanda hata akiwa amevaa kaptura. Anabeba abiria wanaoita gari kwa simu. Alikuwa amenunua gari jeupe kwa mkopo, lina wiki tatu, analiita Bibi Arusi.

"Shemeji," aliniambia, "hii gari plastiki ya viti bado iko. Unataka niipeleke ipigwe na mawe?"

"Litakuwa limevaa."

"Na mawe ikipita?"

"Haipiti."

"Mais ikipita?"

Nikasimama katikati ya chumba cha kushonea. "Dezire, sikiliza. Gari litarudi kama lilivyotoka. Likirudi na alama moja, hata ya ukucha, nalipaka rangi lote kwa mkono wangu, kwa hela yangu, na kila siku usiyofanya kazi nakulipa."

Mama Neema akainua macho kwenye cherehani. "Umesema mbele yangu."

"Nimesema mbele yako."

"Bon," akasema Dezire. "Donc na mimi naenda. Bibi Arusi haendi safari na mwanaume peke yake."

Kupanda: Maritzburg mpaka Mooi River

Tulitoka saa kumi na moja asubuhi. Mimi usukani, Dezire pembeni na simu, kwa sababu simu ilikuwa na ramani ya mvua ya satellite, yenye rangi za kijani, njano na nyekundu, na maneno madogo ya Kiingereza. Macho yangu ya mbali ni ya tai. Ya karibu yanataka miwani, na miwani siipendi. Kwa hiyo Dezire ndiye alikuwa macho yetu. Kumbukeni hilo.

Juu ya keria tulifunga boneti kuukuu nyeusi niliyoinyoosha mwenyewe. Hiyo ingewekwa kwenye majani uchi, ipigwe, ili kwenye video Oom aone: hii bila nguo, hii na nguo. Akili hiyo.

Kabla ya Mooi River trafiki akatusimamisha. Akazunguka gari mara moja. Akazunguka mara ya pili.

"Boneti ya hili gari naiona iko mbele," alisema. "Sasa hii ya juu ni ya gari gani?"

"Haina gari, officer. Ni ya kupigwa na mawe."

"Mawe ya nani?"

"Ya Mungu," akasema Dezire.

Yule bwana akavua miwani ya jua. Nikamweleza yote, mvua, nguo, arobaini. Nilimwonyesha risiti ya boneti, maana mimi risiti zangu natembea nazo. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akamwita mwenzake kwenye gari lao: "Njoo, njoo usikie. Hawa wanakwenda kuitafuta mvua ya mawe. Kwa makusudi!"

Mwenzake alicheka mpaka akashika boneti yetu asianguke. Wakatuachia. Yule wa kwanza akanigonga bega dirishani: "Sharp, bhuti. Mkiipata, msirudi nayo huku."

Tuliondoka tunacheka, nami nikahesabu tayari wateja wawili. Kilomita kumi mbele nikasema nina njaa. Mama Neema alikuwa ametufungia ugali na ndagala, dagaa wa kwetu, za kukaanga zenye pilipili, kwenye bakuli la plastiki.

"Si ndani ya gari!" Dezire akapiga kelele. "Shemeji, abiria yangu ya kesho watafikiri nimebeba ziwa lote la Tanganyika!"

Tukala tumesimama pembeni ya barabara kuu, malori yanapita yanatuchezesha mashati. Alikuwa na haki. Lakini hata kwa kusimama tu karibu na mlango uliofunguliwa, ile harufu iliingia ikakaa kiti cha nyuma kama abiria aliyelipa.

Harrismith na wingu la kwanza

Ukimaliza kupanda mlima wa Van Reenen, nchi inafunguka. Sijui niielezeje. Mtu wa Kigoma kama mimi amezoea mlima huku na maji huku. Kule hakuna kitu, majani na mbingu, na mbingu ndiyo kubwa. Nilipiga honi kwa furaha, bila sababu. Dezire naye akapiga kelele dirishani. Watu wazima wawili.

Saa sita mchana likatokea, upande wa milima ya Qwaqwa. Jeupe juu, jeusi chini, limesimama kama ghorofa. Nilikanyaga mafuta.

"Satellite inasema nini?"

"Inasema polepole, Shemeji."

"Satellite inasema polepole?"

"Mimi ndio nasema."

Kila tukilisogelea, linasogea. Nusu saa, dakika arobaini. Halafu likapanda milima likaenda zake Lesotho, bila kuaga. Nilimsikia Dezire ananong'ona, na nilijua ananong'ona nini, maana tangu Durban tulikuwa watu wawili kwenye gari moja tunamsumbua Mungu mmoja kwa maombi mawili. Mimi: Bwana, mawe. Yeye: Bwana, usimsikilize.

Kestell: Bibi Arusi anavaa

Saa nane hewa ikawa nzito, jasho, nzi. Nikajua leo ni leo. Kuifunga ile nguo kunachukua dakika kumi na tano, na mvua ya mawe haikungoji. Nikaamua tuivishe mapema kabisa, tufukuze tukiwa tumevaa.

Pale Kestell, mbele ya duka moja, tulivisha boneti, paa kwa kupitisha chini ya keria, buti, vifungo vyote ishirini na vinne. Kabla ya kuvisha, gari lilikuwa limekusanya vumbi kidogo kutoka njiani. Dezire akataka kulipangusa.

"Acha, tutachelewa!"

Tulipomaliza lilionekana kama godoro lenye magurudumu. Taxi, basi dogo la abiria, ikapita, dereva akatoa kichwa: "Hayibo! Gari limevaa pajama!" Taxi nzima ikacheka. Nikampungia mkono. Siku moja, nikasema moyoni, hata wewe utanunua.

Na hapo, upande wa kushoto, kwa Bethlehem, wingu likapanda. Jamani! Lile la Qwaqwa lilikuwa mtoto. Hili lilichemka kama sufuria ya maharage, na ndani yake radi inawaka na kuzima. Tukafika njia panda. Lami inaendelea kushoto kwenda Bethlehem. Kulia ni barabara ya vumbi.

"Wapi?"

Dezire aliiangalia simu muda mrefu. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Kulia."

"Kulia? Wingu si lile pale kushoto?"

"Ile unaona iko mzee, Shemeji. Imeshachoka. Ya kweli iko kulia, inazaliwa. Nyekundu kabisa."

"Una uhakika?"

"Satellite haina shemeji," alisema.

Nikakata kulia.

Vumbi

Kilomita arobaini. Kokoto, mashimo, vumbi jekundu nyuma yetu kama moshi wa treni. Upepo ukaanza kuingia chini ya nguo ya gari na kuipepesa, na vile vifungo vya chuma vikaanza kugonga: tiki-tiki, tiki-tiki, tiki-tiki, boneti nzima, milango yote.

"Shemeji, ile kelele ni nini?"

"Hiyo ndiyo sauti ya pesa," nilimwambia. Nikaongeza mwendo ili ipige vizuri.

Tulisimama kwenye maghala ya mahindi, yale marefu ya mviringo. Nikaweka boneti nyeusi kwenye majani, nikamweka Dezire na simu ya kupigia video, mimi nikasimama mbele ya gari, nimechana nywele. Tukangoja. Jua likatoka. Ndege akaja akatua juu ya boneti, akaona ya moto, akaondoka. Kule mbali, mahali tulipotoka, chini ya lile wingu "mzee", pazia jeupe lilishuka mpaka ardhini. Jeupe kama chumvi.

Simu yangu ikalia. Oom. Sauti yake sikuisikia vizuri kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kishindo, kama mtu anamwaga lori la misumari juu ya bati.

"Uko wapi?" alipiga kelele. "Yanapiga hapa! Kwenye yadi yangu! Makubwa! Lete hiyo nguo yako sasa hivi nasaini sasa hivi!"

"Naja, Oom! Naja!"

Kilomita arobaini. Hakuna aliyevunja rekodi ya ile barabara kama sisi. Tiki-tiki-tiki-tiki. Dezire alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, na mimi kwa ujinga wangu nilifikiri anasikitika pamoja nami. Kabla hatujafika njia panda Oom akapiga tena. Sasa kulikuwa kimya nyuma yake.

"Imekwisha," alisema. "Dakika kumi. Ag, rafiki yangu. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia niko njiani. Mtu mkubwa kama mimi.

Mme Dikeledi

Pale njia panda mama mmoja wa Kisotho alikuwa anauza magwinya, yale maandazi makubwa ya huku, na mahindi ya kuchemsha. Jina lake Mme Dikeledi, alituambia kabla hatujamuuliza. Nyuma ya meza yake lilikuwa shamba lake, mahindi ya kufika kiunoni, majani yamejikunja kwa kiu. Nikanunua magwinya manne kwa sababu moyo wangu ulikuwa unauma, na moyo wangu na tumbo vinatumia mlango mmoja.

Kipande cha lile wingu kilikuwa kimekatika na kinatujia. Cheusi, kidogo, lakini kinatujia! Nikaruka. Nikashusha boneti, nikaiweka kwenye majani, nikamwambia Dezire kamera, kamera. Halafu nikasimama nimeinua uso mbinguni na mikono hivi, nangoja.

Mme Dikeledi akatutazama. Boneti chini, gari limefunikwa kama jeneza, wanaume wawili mashati meupe wanaangalia juu. Akafuta mikono kwenye aproni, akaja akavua kofia yake ya sufu.

"Asanteni kwa kuja, bafundisi," alisema kwa Kizulu cha kutusaidia; bafundisi ni wachungaji. "Kanisa gani limewatuma? Tumeomba mvua tangu mwezi uliopita."

Nikafungua mdomo nimweleze. Dezire akawahi.

"Uvira, Mama. Kanisa ya Uvira."

"Basi tuombe. Mvua tu. Mawe hapana. Mwaka jana mawe yalilala juu ya shamba hili, sikuvuna hata gunzi la kuwasha moto." Akanishika mkono wa kulia, mkono wake una mafuta ya moto bado. "Ombeni, Baba."

Sasa niambieni nyinyi. Arobaini yangu iko kwenye lile wingu. Nafasi ya mwisho ya siku, ya wiki, ya biashara yote. Video hata ya dakika mbili ningemkimbizia Oom. Na mahindi ya huyu mama yananisugua goti.

Dezire aliomba. Jamani, aliomba! Sijawahi kumsikia hivyo hata msibani. Kiswahili, Kifaransa, Kifuliiru. "Bwana, leta maji! Leta maji laini! Yale mawe, Bwana, peleka baharini, ipige samaki!" Mme Dikeledi anaitikia kila neno asilolijua. Halafu Dezire akafungua jicho moja.

"Shemeji," alinong'ona, "sema amina. Kwa nguvu, mama anasikia."

Nikalitazama wingu. Nikayatazama yale majani yaliyojikunja.

"Amina," nikasema. Halafu, kwa sababu nikifanya kitu sikifanyi nusu, nikapiga kelele: "AMINA!"

Ikaja. Matone manene, ya uvuguvugu, polepole, halafu mengi. Harufu ya udongo ikapanda. Katikati yake zilianguka punje chache za barafu, ndogo kama mchele. Nilizidaka mbili kiganjani, nikamkimbilia Dezire apige picha, na kabla simu haijafunguka nilikuwa nimeshika maji. Nilicheka. Sijui kwa nini, nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope. Mme Dikeledi alikuwa anacheza katikati ya shamba lake, sketi imeshikwa juu, na Dezire anapiga makofi, na boneti nyeusi ya kupigwa na mawe inalia mvua laini kama ngoma ya watoto.

Alitujazia mfuko mzima wa magwinya. Hakukubali hela, alichukua namba ya simu ya Dezire tu. Tuliyaweka kiti cha nyuma, yakae na ile harufu ya ndagala.

Harrismith tena

Jua lilikuwa linashuka tulipoingia sheli kujaza mafuta. Nguo imelowa, nzito. Nikamwambia Dezire tuivue tuikamue, njiani itatupunguzia mwendo.

Nikafungua upande wa boneti. Nikasita.

Kila penye kifungo palikuwa na mkwaruzo, si mmoja, mia, kama kuku amefundishwa kuandika pale. Nikapitisha kiganja katikati ya boneti, pale palipokuwa na sponji na kitambaa laini. Hapakuteleza. Vumbi la ile barabara lilikuwa limeingia chini, upepo umelisugua kilomita themanini kwenda na kurudi. Msasa. Mimi ninayenunua msasa kwa bunda, nilimvisha Bibi Arusi msasa na kumkimbiza. Paa vilevile. Buti vilevile. Rangi imekufa, nyeupe ya chaki.

Nilishangaa. Haya, nimeandika.

Nilingoja Dezire apige kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye kibaraza cha sheli, ameshika kichwa, halafu mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Shemeji," alisema, "ilikuwa kushoto."

"Nini?"

"Nyekundu. Kwenye simu. Ilikuwa kushoto, kwa Bethlehem. Niliogopa mawe. Nikasema kulia ju ya kuponesha gari." Aliinua uso, anacheka na machozi yanamtoka. "Nikaiponesha, Shemeji! Angalia vile nimeiponesha!"

Nilitaka kumkaba. Naapa. Nilipiga hatua mbili. Halafu nikaona: kama ningemsikiliza Mama Neema, kamba za kitambaa. Kama ningemwacha alipanguse pale Kestell. Na yeye kama angesema kushoto, lami tupu, mawe, video, arobaini. Watu wawili tumeliharibu gari moja kwa kulipenda. Nikakaa karibu naye kwenye kibaraza. Mhudumu wa sheli akaja kuuliza kama tumefiwa. Nikampa gwinya.

"Umesema mbele ya dada yangu," Dezire alikumbusha, mdomo umejaa.

"Nilisema mbele yake. Na wewe ulisema satellite haina shemeji."

"Haina. Mimi ndio niko naye."

Overport

Asubuhi, pale Overport tunapoishi, Mama Neema alishuka na chai yake mpaka maegesho. Akazunguka gari. Akapitisha kidole kwenye boneti, kwenye mlango, kwenye paa alipofikia. Akanusa ndani, akafunga mlango. Nikangoja. Akaingia ndani akarudi na roli ya kamba za kitambaa, akaiweka juu ya paa la Bibi Arusi, akanywa chai.

Jumatatu Oom alisaini na watu wa Johannesburg. Aliniambia mwenyewe, kwa heshima. Aliniambia pia kwamba yao ina kamba za kitambaa.

Ahadi ni ahadi. Nililipaka gari lote kwa mkono wangu, siku nne, na njooni Jacobs mtazame, limetoka bora kuliko kiwandani, unaweza kujinyoa ukijitazama humo. Juzi Dezire alinitumia sauti ya Mme Dikeledi kwenye simu: mahindi yamefika kichwani, na anauliza wafundisi wa Uvira watarudi lini.

Na kwa kuwa mnapenda kuuliza: petroli na ushuru wa barabara, kwa randi, R1,655. Rangi na vanishi R3,960. Msasa, tepu na magazeti ya kufunikia R412.50, na huo msasa nilinunua nikiwa nimeinamisha kichwa. Siku nne za Dezire, R3,200, alizihesabu mbele ya dada yake. Na nguo mpya ya gari, ya Bibi Arusi, yenye kamba za kitambaa, iliyoshonwa na mke wangu wa ndoa, ambaye alinipa risiti ya R565 na kuniambia hiyo ni bei ya wateja wanaojua kila kitu. Jumla, R9,792.50.